Kirikuu Juu ya Mfereji

Jumamosi, nyumbani kwa akina Devota, kazi hazina mjadala. Devota hufagia uwanja, huosha vyombo, huwapa kuku pumba, kisha huanika nguo kabla jua la Ipogolo halijakolea. Mama yake, Apolonia, huwa ameshaondoka na matenga yake ya nyanya kwenda sokoni. Baba yake, Vitus, huwa chini ya gari.

Ndiyo, chini ya gari. Wanaume wengine siku hiyo hunyoa ndevu au hubishana kuhusu mpira. Vitus hulala chali chini ya kirikuu chake, kile kigari kidogo cha mizigo chenye uso bapa, akikipapasa tumbo na kukisikiliza. Kigari hicho ndicho kinachopeleka mboga za bondeni mjini Iringa, na watu wote wa pale wanakijua kwa mlio wake.

"Gari halitunzwi kwa maji na sabuni," Vitus hupenda kusema. "Gari hutunzwa kwa oili safi."

Msaidizi wake ni Devota. Alikuwa darasa la saba, na alizijua spana kwa kuzitazama tu, kama mama zake wadogo wanavyozijua khanga. Baba akinyoosha mkono kutoka chini ya gari na kusema, "Kumi na saba," spana ya kumi na saba ilikuwa imeshafika kiganjani. Alijivunia kazi hiyo kuliko hata nafasi yake darasani, ingawa hilo hakulisema mbele ya mwalimu.

Nyuma ya nyumba yao ulipita mfereji. Maji yake yalitoka mtoni, kwenye banio la kufungia na kufungulia maji, yakapita kwanza kando ya kinyungu chao, yaani bustani yao ya bondeni, halafu nyuma ya nyumba, kisha yakateremka kwenye vinyungu vya majirani. Wakati wa kiangazi maji yalikuwa ya zamu. Kila nyumba ilikuwa na siku yake, na kuiba zamu ya mwenzako lilikuwa kosa ambalo watu hawalisahau upesi. Msimamizi wa zamu alikuwa Vitus mwenyewe. Walimchagua kwa sababu hakuna aliyewahi kumkuta amejiongezea hata ndoo moja.

Siku ambazo mfereji ulikuwa mkavu, Vitus aliufanya gereji. Alikiendesha kirikuu taratibu, magurudumu ya kushoto yakapita ng'ambo, ya kulia yakabaki huku, gari likasimama limetanua miguu juu ya mfereji. Kisha aliteremka mferejini na kufika chini ya injini bila jeki wala mawe. Ilikuwa njia rahisi, na majirani wenye pikipiki za matairi matatu walishaanza kumwiga.

Basi Ijumaa moja alasiri aliegesha hivyo hivyo. Lakini asubuhi yake alikuwa amebeba magunia ya viazi peke yake, kwa ubishi tu, na alipoinama ili ateremke mferejini, mgongo ukamkamata. Hakuweza kwenda mbele wala kurudi nyuma. Alibaki ameinama pale, anaguna.

Aliyemsaidia kuingia ndani ni fundi Muharami, rafiki yake mwenye gereji kando ya barabara kuu. Walimlaza kwenye mkeka, Devota akaleta chai, na wale marafiki wawili wakaanza ubishi wao wa siku zote.

"Nimekwambia mara ngapi, Vitus? Toa oili kwa juu," alisema Muharami. "Unachomoa kijiti cha kupimia oili, unateremsha mpira mwembamba mpaka chini, unapiga pampu. Oili inapanda yenyewe na kuingia kwenye dumu. Hulali chini, huchafuki."

"Na mashapo yaliyokaa chini kabisa?" aliuliza Vitus, mkono kiunoni. "Pampu yako haiyafikii. Oili inatolewa kwa chini, unafungua nati, inashuka na uchafu wake wote."

"Yanabaki kidogo, sikatai. Lakini leo chagua: mashapo au mgongo."

Devota alicheka. "Fundi, na wale vijana wanaovuta kwa mdomo?"

Muharami hakucheka. "Hao wanavuta petroli, mwanangu, na hiyo siyo njia, ni ujinga. Nina kijana pale gereji alivuta, ikamwingia mapafuni, akalazwa. Mpaka leo akipanda kilima anahema." Kisha akamgeukia Vitus. "Kesho nikishaswali alasiri nakuja na pampu. Gari liache hapo hapo, lisiguswe."

"Umesikia, Devota? Lisiguswe," alisema baba.

"Nimesikia, baba."

Muharami alipoondoka, Vitus alitazama dari. "Miaka yote hii natoa oili kwa mikono yangu," alisema polepole. "Sasa nimekuwa mtu wa kusubiri kusaidiwa. Nadhani ndio nimezeeka."

Maneno hayo yalimchoma Devota. Baba yake hakuwa mtu wa kulalamika. Moyo wake mwema ukaanza kumpangia jambo ambalo akili yake ilikuwa haijaulizwa.

Kesho yake mama alikwenda sokoni. Baba alikunywa dawa ya maumivu, akapitiwa na usingizi. Devota alimaliza kazi zake, akasimama nyuma ya nyumba akikitazama kirikuu. Alikuwa ameiona kazi ile mara nyingi sana. Spana ya kumi na saba, zungusha kushoto, oili inashuka kwenye dumu, basi. Fundi akija na pampu yake atakuta kazi imekwisha, tena kwa njia ya baba. Baba atacheka mpaka mgongo upone!

Alichukua dumu lililokatwa ubavuni, akateremka mferejini, akaliweka chini ya injini. Nati ilikuwa ngumu. Aliikandamiza spana kwa mikono miwili mpaka ikalegea, akaimalizia kwa vidole. Nati ikamponyoka, ikatumbukia dumuni, na nyuma yake oili ikafuata, nyeusi na nzito. Devota alitabasamu peke yake kule chini. Alijiona fundi.

Oili iliposhuka mpaka ikawa matone, alilishika dumu ili alivute. Hapo ndipo alipogundua kwamba kuona si kutenda. Baba yake, kila mara, alitandika ubao chini ya dumu ili liteleze, lakini Devota alikuwa juu akishika spana na ubao huo hakuwahi kuuona. Dumu lilikwama kwenye jiwe. Alilivuta kwa nguvu. Likapinduka.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Oili ndiyo kabisa. Ilitandaa kwenye sakafu ya mfereji, ikaingia kwenye nyufa za udongo, ikamfika hadi kwenye ndala. Devota alitoka chini ya gari mikono ikiwa myeusi, akaanza kukokota udongo mkavu na majani kwa miguu na kuufunikia ule weusi. Alifunika, akafunika tena.

"Kamwene, Devota! Unachimba nini?"

Alishtuka. Alikuwa Kalinga, mwanafunzi mwenzake, amebeba jembe begani. Kalinga aliishi na bibi yake, Rozalia, kule chini mfereji unakoishia.

"Kamwene. Natafuta nati ya baba," alisema Devota. Huo haukuwa uongo wote, lakini ulitosha kuwa uongo.

"Haya. Mimi nakwenda kufungua banio. Leo zamu yetu. Bibi amehamisha miche ya kabichi jana, jua limeikalia mpaka imelala chini. Isipopata maji leo, amesema hatuna kabichi mwaka huu."

Kalinga akaenda zake kwa miluzi. Devota alifungua mdomo amwite. Kisha akawaza. Akimwambia, Kalinga atamwambia bibi, bibi atamwambia baba, na baba hatamruhusu tena kushika hata spana ya baiskeli. Akamwacha aende.

Haukupita muda mrefu, akaisikia sauti ya maji yakiteremka. Sauti hiyo siku zote ilimfurahisha. Leo ilimtisha. Maji yale yangepita chini ya kirikuu, yangeibeba oili, yangekwenda nayo moja kwa moja kwenye miche ya bibi Rozalia. Miche yenyewe ni michanga, mizizi haijashika. Ingekufa yote.

Devota alinyakua jembe, akakimbia juu kidogo ya gari, akaanza kutupia udongo mferejini. Alijaza mawe, akajaza kiroba cha mchanga kilichokuwa ukutani, akakandamiza kwa miguu. Maji yalifika, yakagonga kizuizi, yakasimama. Alishusha pumzi. Lakini maji hayajui kusubiri. Yalijaa, yakapanda, yakapata upenyo kwenye ukingo, yakaanza kumwagikia kwenye matuta ya kinyungu cha baba yake.

Kule chini, bibi Rozalia alisubiri maji na hayakuja. Alikuwa mama mzee mwembamba, mkali kwa jambo la haki, na miguu yake ilikuwa bado myepesi. Alipanda akiufuata mfereji, Kalinga akatokea upande wa banio, na wote wawili wakafika kwa pamoja. Walichokiona kilijieleza: mfereji umezibwa, na maji ya zamu ya Rozalia yanazinywesha mboga za msimamizi wa zamu.

"Vitus!" alipaza sauti. "Vitus mwanangu, toka nje! Wewe ndiye unayetupangia zamu, halafu maji yangu unajifungulia wewe? Mimi mjane ndiye umeona wa kumnyang'anya?"

Majirani wawili walichungulia juu ya ua. Mlango ukafunguliwa, Vitus akatoka ameshikilia ukuta, uso umekunjamana kwa maumivu. Alitazama kizuizi. Alitazama matuta yake yaliyolowa. Kwa mtu ambaye hajawahi kuitwa mwizi, neno la kujitetea halipatikani haraka.

"Shikamoo, mama," alisema hatimaye. "Sijui nani amefanya hivi. Lakini maji yapo shambani kwangu, nayaona. Msimamizi akikutwa hivi, hana la kusema. Kazi ya kupanga zamu mpeni mtu mwingine, na mimi naomba unisamehe."

Devota alikuwa amesimama nyuma ya kirikuu. Ndipo alipoelewa kwamba baba yake anaomba msamaha wa wizi ambao haukutendwa na mtu yeyote. Macho yake yalijaa machozi. Alijiambia kwamba akisubiri kidogo tu, watu wataondoka na mambo yatapoa. Lakini mbele yake baba alikuwa ameinamisha kichwa mbele ya majirani, na hilo Devota hakuweza kulivumilia.

"Siyo baba!" alipiga kelele. "Ni mimi, bibi. Baba alikuwa amelala. Nimeziba mimi."

"Wewe? Ili iweje?"

"Nimemwaga oili mferejini." Alitoka nyuma ya kirikuu. "Nilitaka kumtolea baba oili ya gari, dumu likapinduka. Nikafunika na udongo. Kalinga alinipita, nikamdanganya. Maji yalipokuja niliogopa yataipeleka kwenye kabichi zako, ndiyo maana nikaziba. Sikujua kama yatamwagikia kwetu. Nisamehe, bibi. Baba, nisamehe."

Aliwaonyesha mikono yake, myeusi mpaka viwikoni. Kalinga alisogeza majani kwa jembe lake, na harufu ya oili ikapanda. Hakuna aliyehitaji ushahidi mwingine.

Bibi Rozalia akamsogelea Vitus. "Hivi nimekuita nini mbele za watu?" alisema, sasa kwa sauti ya chini.

"Hayo baadaye, mama," alijibu Vitus. "Miche yako inangoja."

Hapo bonde likaamka. Kalinga alitimua mbio kurudi banioni kupunguza maji. Vitus, akiwa ameegemea ukuta, alielekeza kama nahodha aliyevunjika mguu: yale maji yaliyotuama juu ya kizuizi ni safi, yachotwe kwa ndoo. Devota alinawishwa kwa sabuni kwanza, maana mikono yenye oili ingechafua kila ndoo, kisha akaanza kubeba. Alishuka na ndoo kichwani, akapanda na ndoo tupu, akashuka tena. Bibi Rozalia alimwagilia kila mche kwa kopo, akiusemesha kwa Kihehe, na kila alipoishiwa alikuta ndoo nyingine imeshafika. Wale majirani waliokuwa wakichungulia walijikuta nao wamekuja na ndoo zao. Apolonia alirudi kutoka sokoni, akasikiliza habari yote kwa maneno machache, akakaza khanga kiunoni, akaingia kazini. Kugomba aliahidi kugomba usiku.

Muharami alifika alasiri na pampu yake mkononi. Alipoambiwa kisa, alijishika kichwa.

"Kwa hiyo humo ndani hamna oili hata tone?"

"Hamna," alisema Devota. "Na nati sikuirudisha. Iliangukia kwenye dumu."

Muharami alikitazama kirikuu, akashusha pumzi. "Alhamdulillahi umesema. Mimi nilikuwa nimekuja na haraka zangu. Ningewasha nikiondoe hapo kwanza, na injini isiyo na oili haiwaki mara mbili. Ingekufa palepale."

Vitus alikaa chini taratibu. Hakuwa amelifikiria hilo.

Walikisukuma kirikuu kutoka juu ya mfereji kwa mikono. Kisha wakafukua udongo wote ulioshika oili, wakachimba mpaka wakakuta udongo mwekundu usio na harufu, wakautia viroba. Muharami alivichukua pamoja na lile dumu. Oili chafu, alieleza, hukusanywa kwenye pipa pale gereji mpaka wanaoihitaji kiwandani waje kuibeba. Haimwagwi ardhini wala mtaroni. Wakaondoa kizuizi, Kalinga akafungua banio, na maji yakapita. Bibi Rozalia aliinama akayanusa, akayachota kwa kiganja, akayaachia. Yalikuwa maji tu.

Walipokaa uwanjani kupumzika, Devota alikaa pembeni. Alisubiri adhabu yake.

"Njoo hapa," baba yake alimwita. "Nilikukataza, ukagusa. Kwa hilo utabeba maji ya bibi kila jioni mpaka kabichi zishike. Sawa?"

"Sawa, baba."

"Lakini nami nina sehemu yangu." Vitus aliwatazama majirani. "Mfereji huu nimepewa niulinde, na mimi ndiye niliyeufanya gereji. Nilibishana na fundi kuhusu juu na chini, mashapo na pampu, na sikujiuliza hata siku moja oili ikimwagika itakwenda kwa nani. Ukichagua njia ya kufanya kazi, usiangalie mkono wako tu. Angalia na jirani yako wa chini. Kuanzia leo gari halisimami juu ya maji ya watu, langu wala la mtu mwingine. Oili nitaitoa kwa juu, na mashapo yakibaki, yabaki."

"Nimeshinda!" alisema Muharami, na watu wakacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Fundi atakufundisha pampu," Vitus alimwambia binti yake. "Ila nikiwa macho."

Devota alitaka kucheka, akalia. Bibi Rozalia akamvuta, akamkalisha karibu yake kwenye mkeka.

"Sikiliza, mjukuu wangu," alisema. "Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Wewe ulificha, na ulikosea. Kabichi zingekufa, ningelia, halafu ningepanda nyingine. Lakini kama ungenyamaza pale, mimi ningemwita baba yako mwizi mpaka siku ya kufa kwangu. Ningekataa salamu yake. Ningewafundisha wajukuu zangu wamchukie. Na yeye hakuiba kitu. Jina lake lingekufa, na jingine mimi ningelipanda wapi?"

Bibi Rozalia alijiinua kwa kushika bega la Devota, akajikung'uta vumbi, akaenda hadi kwa Vitus aliyekuwa ameegemea ukuta. Alimpa mkono mbele ya majirani wote, kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mkono mkubwa wake.

"Zamu endelea kupanga wewe," alisema.